Mbolea ya Viazi na Maua ya Buluu

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipopasuka na anga ya upande wa Goma ikawa nyekundu kama tanuri la mkaa, watu wengi wa Bugeshi hawakulala. Sekta hiyo ya Wilaya ya Rubavu, ambayo wazee bado huihesabu kuwa ni ya Gisenyi kama ilivyokuwa kabla ya mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006, imekaa chini ya milima ya volkano: Karisimbi wenye urefu wa meta 4,507 unaitazama kwa upande mmoja, na Nyiragongo uko ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Kongo. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mara kwa mara, na mjini Gisenyi nyumba zikapata nyufa. Simu zikawa hazitulii. Katika nyumba moja ya Bugeshi, simu iliyongojewa kuliko zote ilitoka Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambako kijana wa nyumba hiyo, askari wa Jeshi la Ulinzi la Rwanda, alikuwa katika kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa.

Kijana aliuliza kama baba yake yu salama, kama ng'ombe wako salama, kama ukuta wa jiko umesimama. Mwishoni, salio likikaribia kwisha, akauliza: "Na maua yangu, Mama? Bado ni ya buluu?"

"Bado, mwanangu," akajibu mama yake.

Haikuwa kweli. Maua yale yalikuwa yamekwisha geuka rangi ya waridi tangu mwaka uliotangulia, na majani machanga ya kichaka chake yalikuwa ya manjano kama ya mgonjwa. Mama huyo alikata simu, akatoka nje, akasimama mbele ya kichaka akikitazama. Mwanawe alikuwa mbali, kazini, katika nchi yenye hatari, na jambo moja dogo alilomwachia alitunze lilikuwa limeharibika mikononi mwake. Uchungu wenyewe ni kwamba halikuharibika kwa kusahauliwa. Liliharibika kwa kutunzwa mno.

Ua lenyewe ni lile ambalo watu wa upande huo, waliozoea majina ya Kifaransa, huliita hotensia, na ambalo Kenya na Tanzania hujulikana kwa jina la haidrenja: kichaka cha kimo cha mtu mfupi, chenye majani mapana, na maua madogo yaliyosongamana hata yakafanya kichwa kikubwa kama kabichi. Hupenda baridi, ukungu na mvua, na Bugeshi ina vyote vitatu. Kijana alikipanda kikiwa kijiti cha urefu wa kiganja mwaka 2016, wiki moja kabla ya kwenda kwenye mafunzo ya jeshi. Alikichomeka mbele ya dirisha la chumba cha wazazi wake, akasema kitakuwa mlinzi wa zamu mpaka yeye atakaporudi. Kikashika. Mwaka 2018 kilitoa maua ya buluu iliyokolea, na majirani walikuwa wakisimama njiani kuyatazama.

Hapo ndipo mama huyo alipoingiwa na tamaa ya kuyafanya makubwa zaidi.

Jirani mmoja alimwambia kwamba fosforasi ndiyo mbolea ya maua. Maneno hayo husikika kila mahali, na wala si uongo mtupu. Mmea unahitaji fosforasi ili uote mizizi, upate nguvu ya kukua, uchanue na kufanya mbegu. Pasipo fosforasi ya kutosha mmea hudumaa, majani yake ya zamani huwa ya kijani kizito chenye zambarau kwa chini, na maua huchelewa au hayaji kabisa. Lakini toka hapo hadi kusema kwamba fosforasi nyingi huleta maua mengi ni safari ndefu, na watu wengi huifanya kwa hatua moja. Mmea ukishapata kiasi chake, ziada haiugeuki kuwa maua, kama vile askari aliyekwisha shiba hapigi shabaha vizuri zaidi kwa kuongezewa sahani ya pili ya ugali.

Nyumbani mbolea ilikuwepo. Mume wake, askari polisi mstaafu, hulima viazi mviringo kama ilivyo desturi ya Bugeshi, na katika ghala lake daima kuna mfuko wa NPK ya 17-17-17 na mwingine wa DAP. Mama alichagua DAP kwa sababu alisikia kwamba hiyo ndiyo yenye fosforasi nyingi, na katika hilo hakukosea. Kila msimu wa mvua, ule wa Septemba na ule wa Machi, alichota makonzi mawili, akayamwaga kuzunguka shina, akafukia kwa jembe dogo. Na kwa kuwa alisikia pia kwamba majivu ya jikoni ni mbolea, akayaongeza kila Jumamosi alipozoa meko.

Mwaka 2019 maua yalitoka ya zambarau. Alidhani ni ya msimu tu. Mwaka 2020 yakatoka ya waridi, na majani machanga yakawa manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Mama akaona mmea una njaa. Akaongeza konzi la tatu.

Siku moja mume wake alipima mfuko wa DAP kwa mkono, akaona mwepesi. Askari polisi hata akistaafu haachi kuchunguza. "Mama watoto," akauliza, "mfuko huu viazi havijaugusa bado. Nani ameula?" Mbolea ile ilinunuliwa kwa bei ya ruzuku ya serikali, ruzuku iliyowekwa kwa ajili ya chakula, wala haikuwa rahisi kuipata kwa wakati. Mama alikiri. Mzee hakugomba sana, ila tangu siku ile ghala likawekwa kufuli, na kichaka cha mwanawe kikawa jambo lisilotajwa mezani.

Baada ya ile simu ya Mei 2021 mama alikwenda kumtafuta bwana shamba wa sekta. Katika kituo hicho bwana shamba alikuwa mwanamke, binti wa makamo aliyesomea kilimo huko Busogo, na alikuja kwa miguu siku ya tatu, matope yakiwa magotini. Aliamkia, akakataa chai mpaka kazi iishe, akakizunguka kichaka mara mbili. Kisha akauliza swali ambalo mama hakulitegemea: "Mama, mfuko uliandikwa namba gani?"

Swali hilo lafaa liulizwe katika kila nyumba yenye bustani, kwa maana mfuko wa mbolea hujieleza wenyewe. Namba tatu zilizoandikwa juu yake, kwa mfuatano, ni naitrojeni, fosforasi na potasi. DAP huandikwa 18-46-0: naitrojeni 18, fosforasi 46, potasi hamna. NPK ya 17-17-17 inavyo vyote kwa usawa. TSP huandikwa 0-46-0, fosforasi peke yake. Na hapo pana jambo linalowapotosha hata wakulima hodari: namba ya katikati haihesabu fosforasi tupu, bali fosforasi pamoja na oksijeni yake, kwa desturi ya zamani ya wanakemia ambayo biashara ya mbolea haijaiacha. Katika kilo 100 za DAP, fosforasi yenyewe ni yapata kilo 20.

Bwana shamba alichukua karatasi, akapiga hesabu kwenye goti. Konzi moja la DAP ni gramu 50 hivi. Makonzi mawili kwa kichaka kinachokalia eneo la meta moja ya mraba ni gramu 100, na ndani yake namba ile ya katikati ni gramu 46. Viazi vya mzee, kwa ushauri uliozoeleka nchini Rwanda, hupewa kilo 300 za NPK ya 17-17-17 kwa hekta. Ukigawanya, kila meta ya mraba hupata gramu 5 na kidogo. "Basi, Mama," akasema, "kila msimu umekipa kichaka hiki fosforasi mara tisa ya ile wanayopewa viazi. Na kiazi kina kazi ya kujaza gunia."

Mama alikaa chini kwenye ngazi ya mlango.

Lakini hesabu hiyo haikueleza rangi. Mmea ule ule, uliopandwa na mkono ule ule, uligeukaje kutoka buluu kuwa waridi? Hapa ndipo udongo wa Bugeshi unapoingia katika habari yenyewe, na mtu anayelima maua katika nchi yoyote ya volkano, iwe Musanze, Kisoro, Goma, miteremko ya Kilimanjaro au ya Meru, afuate kwa makini.

Udongo unaotokana na majivu ya volkano ni mweusi, mwepesi mkononi, wenye kushika maji vizuri, na kila aupitaye huusifu. Sifa hizo ni za haki. Hata hivyo una tabia moja iliyofichika. Majivu hayo yakioza kwa mvua ya miaka mingi huzaa chembe ndogo mno zenye alumini na chuma tele, na chembe hizo huishika fosforasi kwa nguvu ya ajabu. Mtu akimwaga mbolea ya fosforasi juu ya udongo wa namna hiyo, sehemu kubwa hukamatwa kabla mzizi haujaifikia. Katika msimu wa kwanza mmea mara nyingi haupati hata robo ya kilichowekwa. Kilichobaki hakikupotea, kimo ndani ya udongo, kimefungwa, na huachiliwa kidogo kidogo kwa miaka.

Sasa, rangi ya buluu ya hotensia hutokana na alumini ile ile. Ua hilo lina rangi yake ya asili ambayo ni ya waridi. Mizizi ikinyonya alumini kutoka katika udongo, alumini hupanda mpaka kwenye ua, hujiunga na rangi ile, na ua huwa buluu. Ikikosekana, ua hubaki waridi. Alumini yenyewe haikosekani katika udongo wowote. Kinachotakiwa ni iwe huru, iyeyuke katika maji, na hilo hutokea udongo ukiwa na uchachu. Wataalamu hupima uchachu kwa namba kutoka 0 hadi 14, ambapo 7 ni katikati na namba ndogo ni uchachu mkubwa. Chini ya 5.5 hotensia huwa buluu. Juu ya 6.5 huwa waridi. Kati ya hapo huyumba, mara zambarau, mara rangi mbili katika kichwa kimoja. Hotensia nyeupe haibadiliki, na asiyetaka maswali na apande hiyo.

Basi yaliyotukia chini ya dirisha lile yalikuwa haya. Fosforasi ilimwagwa kwa makonzi, na alumini ikaikamata, kama ilivyo kawaida yake. Lakini anayefunga pingu mkono wake kwa mkono wa mshtakiwa, naye hawezi tena kwenda atakako. Askari wanalijua hilo. Alumini iliyoshikana na fosforasi haikuweza tena kupanda mpaka kwenye ua. Na yale majivu ya jikoni, ambayo kwa tabia yake ni karibu na chokaa, yakapunguza uchachu wa udongo na kuifungia alumini iliyosalia. Mama huyo alikuwa ameiondoa rangi ya buluu kwa milango miwili kwa wakati mmoja, akidhani anaulisha mmea.

Hali kadhalika ule umanjano wa majani machanga, mishipa ikibaki ya kijani, ni dalili ya kukosa madini ya chuma. Chuma kilikuwemo udongoni tele. Fosforasi iliyozidi, pamoja na majivu, vilikizuia kisiingie mmeani. Zinki nayo huzuiwa hivyo hivyo. Kuna pia kuvu jema linaloishi katika mizizi ya mimea mingi, likiitafutia fosforasi mbali na kulipwa sukari. Mmea ukijazwa fosforasi mlangoni pake humwachisha kazi mtumishi huyo, na pamoja na fosforasi hupoteza huduma nyingine alizokuwa akizitoa. Ndiyo maana kichaka kilichoonekana kufa njaa kilikuwa, kwa hakika, kimevimbiwa.

Bwana shamba hakuamini macho peke yake, na katika hili alikuwa na busara, kwa sababu baridi ya Bugeshi nayo hudanganya: miche michanga ikipigwa na baridi ya usiku huweza kugeuka zambarau kana kwamba haina fosforasi, kumbe mizizi imezizima tu, na jua likirudi hupona bila kijiko cha mbolea. Alimwomba mama ndoo safi ya plastiki isiyopata kubeba mbolea. Akachimba sehemu kumi na mbili kuzunguka kichaka, kila shimo la kina cha kiganja kimoja, akachanganya udongo wote, akachukua nusu kilo. Kisha akafanya vivyo hivyo kando ya ua wa nyuma, chini ya miti, mahali ambapo hapajapata kuwekwa kitu chochote. Mifuko miwili ikapelekwa maabara. Majibu yaliporudi, chini ya dirisha uchachu ulikuwa 6.4 na fosforasi imepita kiasi kwa mbali. Kando ya ua wa nyuma uchachu ulikuwa 5.2 na fosforasi ndogo.

Mama aliuliza dawa. Watu huuliza dawa daima. Bwana shamba alimwambia kwamba fosforasi si kama naitrojeni, ambayo mvua husomba ikapotea. Fosforasi husafiri katika udongo kwa kiasi cha kucha tu, na palipojazwa hubaki pamejaa kwa miaka mingi. Hakuna kitu cha kunyunyiza kikaiondoa. Kilichowezekana ni kuacha: kuacha DAP, kuacha NPK, kuacha majivu, na kuacha hata samadi nyingi, kwa kuwa samadi nayo ina fosforasi ndani yake. Kichaka kifunikwe majani makavu chini, na kikihitaji naitrojeni kipewe kijiko kidogo cha urea kilichoyeyushwa katika ndoo ya maji. Kisha kisubiriwe.

"Nitasubiri mpaka lini?" mama akauliza. "Mwanangu atarudi."

Yule binti akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akatoa kisu, akakata vijiti sita kutoka katika kichaka kile kile kilichoharibika, kila kimoja chenye macho mawili au matatu, akaondoa majani ya chini, akayapunguza ya juu nusu kwa nusu. Akamwambia mama avichomeke kando ya ua wa nyuma, kivulini, avimwagilie kila jioni maadamu ulikuwa ukiingia wakati wa kiangazi, na asivipe kitu. "Mama, usivipe kitu," akarudia.

Itakuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba bwana shamba aliichukia fosforasi. Kwa upande wa pili wa nyumba mama alikuwa na dalia, mawaridi na gladiola katika tuta jipya lililochimbwa katika udongo mweusi usiolimwa, na yote yalikuwa madogo, yamesimama kana kwamba yanangoja amri. Huko fosforasi ilihitajiwa kweli. Kosa lilikuwa ni mahali na namna. Katika udongo unaokamata, mbolea ya fosforasi isirushwe juu kama chumvi. Iwekwe wakati wa kupanda, chini, karibu na pale mizizi itakapopita, na ikae pamoja mahali pamoja badala ya kutawanywa, ili udongo usipate nafasi ya kuikamata yote. Kijiko kimoja cha chai cha TSP katika shimo la dalia, kilichochanganywa na konzi mbili za samadi iliyooza na udongo kidogo, kinatosha msimu mzima. Samadi hapo haiongezi chakula tu. Uozo wake hushikana na alumini ule upande unaotaka kuishika fosforasi, na hivyo huiachia mmea.

DAP nayo yafaa kwa kazi hiyo, mradi isiguse mbegu wala mzizi mchanga, kwa kuwa ikiyeyuka hutoa amonia inayounguza. Katika hili TSP ni mpole zaidi, na ndiyo ya kuchagua kwa maua ikiwa duka la pembejeo linayo. Mwenye NPK ya viazi atumie hiyo hiyo kwa mawaridi. Haina ubaya, ila naitrojeni yake ikizidi italeta majani ya kupendeza na maua machache.

Unga wa mifupa, ambao bibi zetu waliusifu, hutoa fosforasi polepole na hufanya kazi katika udongo mchachu tu. Anayetaka kuutengeneza nyumbani achemshe mifupa ya mchuzini mpaka isiwe na mafuta, aichome, aitwange. Mifupa mibichi ikifukiwa, mbwa huifukua usiku ule ule pamoja na mche. Na mifupa ya mnyama aliyekufa kwa ugonjwa isiguswe kamwe, kwani vijidudu vya kimeta hukaa udongoni kwa miaka mingi.

Vivyo hivyo mbolea ya mawe ya fosfati. Afrika Mashariki imejaliwa mawe hayo: yako Sukulu karibu na Tororo nchini Uganda, yako Matongo nchini Burundi, na yako Minjingu nchini Tanzania, karibu na Ziwa Manyara, ambako sehemu ya akiba hiyo ni kinyesi na mifupa ya ndege wala samaki waliotua huko zama ambazo ziwa lilikuwa kubwa kuliko lilivyo leo. Mawe hayo yakisagwa tu, huyeyushwa na uchachu wa udongo wenyewe, na kwa hiyo hufaa katika mashamba machachu ya vilima vya kusini mwa Rwanda kuliko chini ya dirisha lenye majivu. Katika udongo usio na uchachu hulala tu kama changarawe. John Bennet Lawes wa Uingereza aliliona tatizo hilo karne mbili zilizopita. Mwaka 1842 alipata hataza ya kuyeyusha fosfati kwa asidi ya salfa, na viwanda vya mbolea vikaanzia hapo. Fosforasi yenyewe ilikuwa imegunduliwa mwaka 1669 mjini Hamburg na Hennig Brand, aliyekuwa akichemsha mikojo mingi kwa matumaini ya kupata dhahabu. Alipata kitu chenye kung'aa gizani, na hakikuwa dhahabu.

Kuna sababu nyingine ya kutotupa mbolea hovyo, nayo haihusu kichaka. Fosforasi haiyeyuki ikaenda mbali, lakini huondoka pamoja na udongo unaposombwa. Mvua za Mei 2023, zilizoua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda na kuufanya mto Sebeya uvamie nyumba za Rubavu, zilipeleka udongo mwingi katika Ziwa Kivu, na kila chembe ya udongo wa shambani hubeba fosforasi yake. Majini fosforasi hulisha mwani na magugu badala ya viazi na maua. Waliokaa kandokando ya Ziwa Victoria, wakaona gugu maji likiziba mialo, hawahitaji kuelezwa zaidi. Tuta la maua lililokingwa kwa nyasi na kupandwa kwa kufuata usawa wa mteremko linagharimu jasho la asubuhi moja.

Vijiti sita vya kando ya ua wa nyuma vilimwagiliwa kiangazi chote cha mwaka 2021. Viwili vilikufa. Kimoja kililiwa na mbuzi wa jirani, jambo ambalo lilileta maneno yake yenyewe. Vitatu vilishika, na mama, aliyezoea kuonyesha upendo kwa kuongeza, alipata taabu kubwa ya kupita mbele yavyo kila siku bila kuviwekea chochote. Mara moja alifika na majivu mkononi, akakumbuka, akayarudisha jikoni.

Kijana alimaliza zamu yake ya kulinda amani, akarudi kambini, na katikati ya mwaka 2022 akapewa likizo. Alifika Bugeshi jioni, ukungu ukiwa umeshuka. Asubuhi alifungua dirisha la wazazi wake, akaona kichaka chake cha zamani: majani yamerudi kuwa ya kijani, na maua makubwa ya waridi, bila hata tone la buluu. Hakusema kitu. Mama yake akamshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba, chini ya miti, ambako palikuwa na vichaka vitatu vifupi vinavyofika magotini, na juu ya kimoja kichwa kimoja cha ua, si kikubwa kuliko ngumi, buluu kama ile ya mwaka 2018.

Akamweleza yote: makonzi, majivu, hesabu ya gotini, maabara, na ule uongo wa kwenye simu. Kijana aliinama, akaligusa ua, akageuka kutazama upande wa dirisha.

"Hiki ni changu," akasema. "Basi kile cha waridi ni cha nani?"

"Cha baba yako," mama akajibu. "Ndiye aliyekilipia."

Mzee, aliyekuwa barazani akichagua mbegu za viazi, hakuinua kichwa. Ufunguo wa ghala ulikuwa shingoni mwake.